Keki za ndizi zilikubali Tanga, Njombe zimegoma

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na keki ndogo za vikombe za ndizi alinifundisha shangazi yangu nikiwa bado shule ya msingi. Mwaka jana mume wangu alihamishiwa Njombe kikazi, tukahama wote. Tangu nifike huku keki zile zile zinaumuka vizuri mwanzoni, halafu zinabonyea katikati kama kisahani. Ndani ni nzito, zinanata, ukitafuna unasikia kama mpira. Nimeongeza beking pauda kutoka vijiko vitatu hadi vinne na ndiyo kwanza zinazidi kuzama. Vipimo vyangu: unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, mayai mawili, mafuta nusu kikombe, maziwa robo kikombe, ndizi nne, magadi ya keki (baikabonati) nusu kijiko cha chai. Ndizi naziacha hadi maganda yanakuwa meusi kabisa. Nachanganya kwa mashine ili pasibaki mabonge. Naokea kwenye oveni ndogo ya umeme, nyuzi 180. Nikitia matunda ya huku, tufaha au plamu, yote yanakwenda kulala chini. Na vikaratasi navyo vinang'ang'ania keki. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa unga na mayai yaliyokwisha potea. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nimecheka peke yangu jikoni, maana nilijiona mwenyewe miaka hiyo nilipotoka Dar es Salaam kwenda kufundisha upishi Iringa. Sikuwa nimemaliza hata mwezi, jirani akaniomba keki sitini za kipaimara cha mwanawe. Nikakubali kwa mbwembwe, mimi mwalimu. Zote sitini zilitoka zimebonyea, kana kwamba kuna mtu amepita akizikalia moja moja. Nikafanya kile kile ulichofanya wewe: awamu ya pili nikazidisha beking pauda. Zikabonyea zaidi. Mwisho nilizigeuza kichwa chini miguu juu, nikapaka sukari laini kwenye kitako, watu wakala na kusifu. Siku hiyo sikulala.

Kwa hiyo nianze na hili: shangazi yako hakukosea, na mkono wako haujaharibika. Vipimo vile ni vya pwani. Umevipandisha mlimani bila kuvibadilisha.

Tanga mko usawa wa bahari. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu yake. Umeshaona maharage ya huko yanavyokula kuni? Sababu ni hiyo hiyo. Hewa ya juu ni nyepesi, haigandamizi vitu kama hewa ya pwani; kwa mwinuko wenu mgandamizo umepungua kwa takriban moja ya tano. Maji ambayo Tanga yanachemka kwenye nyuzi 100, Njombe yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Maharage yanachelewa kwa sababu yanachemkia kwenye maji yasiyo ya moto wa kutosha. Keki nayo inapata mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, ile gesi inayotoka kwenye beking pauda haina kizuizi juu yake, inatanuka haraka na kwa nguvu kuliko ilivyozoea. La pili, maji yaliyomo kwenye rojo yanakimbia mapema kama mvuke, sukari inabaki imezidi kiasi.

Sasa fikiria kikeki kimoja ndani ya oveni. Vitundu vya gesi vinavimba, kuta zake ni mayai na unga ambavyo bado ni vibichi, vyembamba kama povu la sabuni. Kuta zikiwahi kuiva na kukakamaa, keki inasimama. Vitundu vikiwahi kuvimba kupita kiasi, kuta zinapasuka, gesi inatoka, na kilichobaki kinajikalia chini. Hapo ndipo unapokiona kile kisahani. Kwa hiyo ulipozidisha beking pauda ulikuwa unamwaga mafuta ya taa kwenye moto unaotaka kuuzima. Dawa ya keki inayoumuka vizuri halafu ikazama ni kupunguza. Ile isiyoumuka kabisa tangu mwanzo ndiyo yenye ugonjwa mwingine.

Na hapo kwenye beking pauda nina shaka nyingine ndogo. Vijiko vitatu vya chai pamoja na nusu kijiko cha baikabonati kwa vikombe viwili vya unga ni vingi hata kwa Tanga. Kanuni ninayoifundisha ni kijiko kimoja cha chai cha beking pauda kwa kila kikombe cha unga, au robo kijiko cha baikabonati, kwa kuwa baikabonati ina nguvu mara tatu hadi nne. Ukipiga hesabu, ulikuwa unatia zaidi ya maradufu. Mbona kwa shangazi zilikubali? Nadhani kopo la shangazi lilikuwa limechoka. Unyevu wa pwani unaingia kwenye kopo kila likifunguliwa, unga ule unaanza kufanya kazi yake humo humo kabla haujafika kwenye bakuli. Vijiko vitatu vya kopo la mwaka juzi huenda vilikuwa na nguvu ya kijiko kimoja na nusu. Njombe umenunua kopo jipya, kuna ubaridi, linakaa vizuri, na kila kijiko ni kijiko kweli. Lipime: tia nusu kijiko kwenye maji ya moto sana. Likitoa povu la fujo, bado ni zima. Likitoa vipovu viwili vitatu vya uvivu, litupe. Baikabonati usiipime kwa maji, ipime kwa ndimu au siki, maana yenyewe haifanyi kazi bila kitu kichachu.

(Hii beking pauda wala si ya zamani sana. Ilibuniwa mwaka 1843 na mfamasia wa Birmingham, Uingereza, aitwaye Alfred Bird, kwa kuwa mke wake alikuwa hawezi kula hamira. Kabla ya hapo keki ilitegemea hamira au mkono wa kupiga mayai hadi bega liume. Vitabu vingi vya upishi tunavyonakili vimeandikwa na watu wanaokaa chini, karibu na bahari, nao hawaoni sababu ya kutaja mwinuko. Wamarekani wa Colorado, ambao mji wao wa Denver uko juu kama mita 1,600, wamejifunza zamani kusahihisha vipimo hivyo, na chuo kikuu cha jimbo lao kinatoa mwongozo wa kuokea mlimani. Wewe uko juu kuwapita.)

Sasa ndizi. Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu neno lako moja limenishtua: "hadi maganda yanakuwa meusi kabisa". Tanga ganda likiwa jeusi ndizi imeiva, hakuna ubishi. Njombe ganda linaweza kukudanganya.

Ndizi ni tunda la joto. Ikikaa kwenye baridi chini ya nyuzi 13 hivi, ganda linaungua kwa baridi na kuwa jeusi, lakini ndani hakuna kilichoendelea. Na usiku wa Juni na Julai wa Njombe unaujua mwenyewe, hauhitaji friji. Ndizi zenu nyingi zinapanda kutoka Rungwe, zinafika zikiwa na ukijani, unaziweka stoo, baada ya siku nne unakuta nyeusi. Unazimenya, zinapondeka kwa shida, unasema basi zimeiva. Hazijaiva. Ndizi changa ni wanga mtupu. Kadiri inavyoiva ule wanga unageuka sukari, hata ikiiva kabisa unabaki kidogo sana. Ukitia wanga ule mbichi kwenye keki unakunywa maji yote, unavimba na kuganda. Huo ndio mpira unaousikia ukitafuna. Na utamu nao haupo, ndiyo maana nahisi umekuwa ukishawishika kuongeza sukari, ambayo nayo inachelewesha kuta za keki kukakamaa. Unaona mduara ulivyokuzunguka?

Usiangalie ganda. Menya moja, ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Iliyoiva kweli inalainika yote kwa pamoja, inatoa majimaji yanayong'aa kidogo, na harufu inakufikia kabla hujaisogeza puani. Katikati mwa ndizi, pale penye vimbegu, panakuwa na rangi ya asali. Isiyoiva inavunjika kwa vipande, ni nyeupe kavu kama chaki, na ulimi unahisi ukakasi.

Na dawa yake bibi zetu wanayo: kuvundika. Chukua boksi la karatasi, tandika magazeti, weka ndizi na tunda jingine lililoiva, embe, au parachichi ambalo Njombe halikosekani, ufunike na blanketi kuukuu na uliweke jikoni karibu na jiko, si stoo. Tunda lililoiva linatoa hewa yake inayoziamsha zile changa, boksi linaizuia isipotee. Kwa joto la jikoni siku tatu au nne zinatosha. Zikishaiva barabara na huna nafasi ya kuoka, zimenye, ziweke kwenye mfuko, zigandishe. Zikiyeyuka zitatoa maji. Yatumie, yana utamu.

Usidanganyike pia na ushauri wa kuzichoma ndizi ngumu na maganda yake ndani ya oveni. Zitalainika, ndiyo, lakini kulainika siyo kuiva.

Kuhusu aina: kisukari ndiyo naipenda kuliko zote kwa keki, ina uchachu wa mbali unaokata utamu. Lakini ni ndogo, kwa hiyo "ndizi nne" za kisukari na "ndizi nne" za mtwike ni vitu viwili tofauti kabisa. Pima kwa uzito baada ya kumenya: gramu 300. Mzuzu iachie kukaanga, na zile za Bukoba ni za chungu, zisikaribie bakuli.

Kosa la tatu ni mashine. Nalo nalisema kwa ufupi, kwa kuwa ndilo jepesi kulirekebisha: irudishe kabatini. Keki za namna hii zinataka mwiko na mkono mvivu. Unga wa ngano ukikutana na maji na kusuguliwa unatengeneza nyuzi, zile zile tunazozitaka kwenye chapati na mkate. Kwenye keki nyuzi hizo ni adui. Ukikata keki iliyopigwa sana utaona ndani vishimo virefu vimesimama, kama njia za mchwa, na juu imechongoka. Mabonge unayoyaogopa, kama ni madogo ya saizi ya dengu, yatajimaliza yenyewe kwenye moto.

Vipimo vyako vya Njombe basi, vya keki kumi na mbili. Unga gramu 260, ambao ni vikombe viwili vya kupimia vya mililita 250 na kijiko kimoja cha chakula juu yake. (Kikombe cha chai cha nyumbani si kipimo. Nimewahi kupima vikombe sita vya kabati moja, vikatofautiana toka mililita 180 hadi 300.) Sukari gramu 150. Beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, kisiwe na kilima. Baikabonati robo kijiko cha chai. Chumvi robo kijiko cha chai, mdalasini kijiko kimoja cha chai, iliki punje sita zilizotwangwa sasa hivi, siyo za pakiti. Mayai mawili makubwa. Mafuta ya kupikia mililita 100. Ndizi gramu 300. Na badala ya maziwa, mtindi vijiko vitano vya chakula.

Mtindi nimeuingiza makusudi. Uchachu wake unaamsha baikabonati yote, isibaki ile ladha ya sabuni, na kuta za keki zinakakamaa mapema zaidi penye uchachu. Usipoupata, maziwa ya kawaida yenye kijiko cha chai cha maji ya ndimu yatakufaa. Na kama umezoea siagi ya kopo badala ya mafuta, sawa, lakini iyeyushe na uiache ipoe hadi iwe vuguvugu. Ukiimimina kwenye mayai na mtindi uliotoka kwenye baridi ya Njombe itaganda vipande vipande. Kwa hiyo mayai na mtindi vitoe vikae jikoni saa moja kabla.

Washa oveni kwanza, kabla hujagusa bakuli. Nyuzi 195 hadi 200, si 180. Tunataka kuta ziive kabla gesi haijazipasua, na moto mkali kidogo ndio unaotuwahisha. Oveni ndogo za mezani zinaongopa: taa inazima ikisema tayari wakati bati la ndani bado ni vuguvugu. Ipe dakika ishirini. Kipimajoto cha oveni hakina bei kubwa, na nakushauri ukinunue kabla ya kitu kingine chochote cha keki.

Chekecha vikavu vyote bakuli moja, isipokuwa sukari. Bakuli la pili ponda ndizi kwa uma, tia sukari, mayai, mafuta, mtindi, koroga hadi vishikane. Chimba kisima katikati ya unga, mimina majimaji yote mara moja, kisha anza kukunja kwa mwiko: unapita chini, unapandisha, unalaza, unageuza bakuli robo. Hesabu kwa sauti kama unashindwa kujizuia. Mimi naishia kati ya kumi na mbili na kumi na tano. Bado utaona michirizi ya unga huku na huku. Acha. Nyanyua mwiko: rojo lidondoke kwa donge, lisite kidogo, ndipo lianguke. Likitiririka kama uji, ndizi zako zilikuwa na maji mengi, ongeza kijiko kimoja cha unga. Likigoma kabisa kuachia mwiko, ongeza kijiko cha mtindi.

Jaza vikombe theluthi mbili tu. Tanga ulikuwa unajaza robo tatu, najua, lakini huku zinapanda zaidi na ukijaza sana kichwa kinamwagika pembeni kabla hakijashika. Weka trei katikati ya oveni, funga, na kwa dakika kumi na tano usifungue hata kama mtoto anakuita. Hewa baridi ya Njombe ikiingia wakati kuta bado mbichi, keki itazama hata kama vipimo vyote ni sahihi. Dakika ya kumi na nane bonyeza moja juu kwa ncha ya kidole. Ikirudi, zimeiva. Kidole kikiacha alama, ongeza dakika mbili. Kijiti nacho ni kizuri, ila kwenye keki ya ndizi kinaweza kukutana na kipande cha ndizi kikatoka kimelowa ukadhani bado. Choma sehemu mbili.

Umeme ukikatika katikati ya kuoka, usifungue. Oveni iliyopata moto vizuri inaweza kumalizia peke yake kama ulikuwa umevuka dakika kumi na mbili. Na kama umeme wenu ni wa kuhesabu siku, rudi kwenye mkaa, hakuna aibu. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu kina cha vidole viwili, kigae au kifuniko cha bati juu ya mchanga, vikombe vya keki juu yake, mfuniko, na mkaa juu ya mfuniko. Wengi wanakosea kwa kuweka moto mwingi chini. Chini uwe kidogo, juu ndiyo uwe mwingi, karibu maradufu ya chini. Kabla ya kuingiza keki, nyunyiza unga kidogo kwenye bati ndani ya sufuria na ufunike. Ukibadilika kuwa rangi ya hudhurungi ndani ya dakika mbili tatu, ingiza. Ukiungua mara moja, punguza. Ukibaki mweupe, pepea.

Tuje kwenye matunda yanayozama. Utaambiwa uyapake unga kabla ya kuyatia. Paka, haina madhara, lakini faida yake ni ndogo. Tunda linazama kwa sababu ni zito kuliko rojo linavyoweza kulibeba, kwa hiyo mambo yenyewe ni rojo zito na vipande vidogo. Rojo la vipimo hivi vipya litabeba. Vipande viwe saizi ya punje ya mahindi, si ya kete ya bao. Kisha nina mbinu ya kizembe inayofanya kazi kila siku: kijiko cha kwanza cha rojo tupu chini ya kila kikombe, ndipo unachanganya tunda kwenye rojo lililobaki na kujazia. Hata likizama litaishia katikati.

Tufaha za huko Njombe na Makete ni nzuri sana kwa kazi hii. (Nasema tufaha, siyo tofaa lenu la Tanga, lile jekundu lenye maji, hilo ukilioka linabaki ngozi.) Tufaha moja la wastani linatosha keki kumi na mbili. Lichonge, katakata, nyunyizia kijiko cha sukari na mdalasini, liache robo saa kwenye chujio. Maji yatakayotoka usiyatie kwenye keki, yanywe. Plamu ina maji zaidi; hiyo usiichanganye ndani. Ikate vipande vyembamba na uilaze juu ya rojo kabla ya kuingiza kwenye oveni, itazama nusu na kutengeneza kidimbwi chekundu kinachopendeza macho. Pichi ifanye hivyo hivyo.

Nanasi na papai bichi vina tabia mbaya nyingine: vina vimeng'enya vinavyokula protini, ndiyo maana nanasi likizidi linakwaruza ulimi na papai linalainisha nyama. Rojo lenye nanasi bichi likisubiri zamu yake mezani wakati trei ya kwanza iko motoni, linaanza kulegea. Nanasi likatekate, lichemshe kwenye sufuria kwa moto wa wastani dakika tano hadi maji yakauke, lipoe, ndipo ulitie. Moto unaviua vile vimeng'enya na maji unakuwa umeyaondoa humo humo.

Zabibu kavu na tende, loweka kwenye chai ya moto ya rangi robo saa, kisha kamua. Bila hivyo zitaiba maji ya keki, na hewa ya juu tayari inazikausha haraka. Pasheni inafaa sana, lakini ni kali: ukitia maji yake badala ya mtindi, beking pauda ipunguze hadi kijiko kimoja na baikabonati ibaki ile ile robo.

Parachichi hukuniuliza, ila kwa mtu wa Njombe siwezi kuliruka. Unaweza kuondoa nusu ya mafuta na kuweka parachichi lililopondwa kama krimu, gramu 60. Keki itakuwa laini na haitakauka siku mbili tatu. Itakuwa na ukijani, watoto wako wajiandae.

Nikuombe kitu kimoja kabla hujarudi kunilalamikia. Usioke kumi na mbili mara ya kwanza. Gawa kila kitu kwa mbili, yai moja, uoke sita, na uandike pembeni ulichotumia na kilichotokea. Kama zimechongoka na kupasuka kwa juu, umekoroga sana au moto umezidi. Kama bado zinabonyea kidogo, shusha beking pauda kwa robo kijiko kingine na uone. Kama zimejaa vizuri lakini zinavunjika kama mchanga, ongeza mtindi kijiko kimoja. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja tu. Ukibadilisha vitatu hutajua kipi kimekuokoa. Mimi Iringa ilinichukua trei nne, na kwa kuwa wewe uko juu zaidi, huenda ukahitaji kusogeza kidogo hapa na pale hata na vipimo hivi nilivyokupa.

Na vile vikaratasi. Vinanata kwa sababu mbili. Keki iliyobonyea ina ute chini, kwa hiyo nusu ya tatizo hilo litaondoka lenyewe. Nusu nyingine ni haraka yako. Keki ikitoka motoni iache kwenye trei dakika tano, siyo zaidi maana itatoka jasho na kulowa kitako, kisha itoe uiweke juu ya wavu au ungo uliogeuzwa. Ukimenya kikaratasi ikiwa ya moto, kinaondoka na nusu ya keki. Isubiri ipoe kabisa. Vikaratasi vyembamba vile vya rangi rangi vinavyouzwa madukani vinahitaji tone la mafuta lililopakwa kwa kidole ndani yake. Ukivikosa kabisa, kata karatasi ya kuokea miraba ya sentimita 12, isukume ndani ya kikombe kwa kitako cha glasi, ncha zikae nje. Hizo hazinati kamwe, na ukizipanga kwenye sinia la kupeleka kwa majirani zinapendeza kuliko za dukani.